"Usiwaze Sana, Utarukwa na Akili"

Lamu mtu akianza kukonda, akawa hatoki jioni, au akitoka anakaa barazani kimya wenzake wakicheza dhumna, hatakosa wa kumwambia: "Usiwaze sana, utarukwa na akili." Mamake atamwambia, shangazi atamwambia, hata mwenye duka anayemdai atamwambia. Wote husema kwa mapenzi. Lakini naamini kwa dhati kuwa onyo hilo ni miongoni mwa maneno yanayowaumiza zaidi watu wetu, maana linamfunza mtu kuyaogopa mawazo yake mwenyewe. Alikuwa na shida moja, deni. Sasa anazo mbili: deni, na hofu kwamba kulifikiria deni kutamtia wazimu. Na hii ya pili haina siku ya kulipwa.

Wanasaikolojia wamekuwa wakiichunguza hofu hii ya pili kwa zaidi ya miaka thelathini. Mwaka 1994 Adrian Wells na Gerald Matthews walieleza kuwa mawazo mabaya humjia kila binadamu, na mengi huja yakaenda zake. Yanayong'ang'ania ni yale ambayo mwenyewe ana dhana fulani juu yake: kwamba ni hatari, kwamba hayazuiliki, kwamba ni lazima ayashinde, au kwamba yanamlinda na akiyaacha litatokea jambo. Mwaka 1997 Wells na mwenzake Samantha Cartwright-Hatton walichapisha dodoso la sentensi 65 la kupima dhana hizo, na mwaka 2004 wakalipunguza hadi sentensi 30. Mtu husoma kila sentensi akasema anakubaliana nayo kwa kiasi gani. Mojawapo ya hizo 30 inasema, kwa maana yake, kuwa wasiwasi wangu unaweza kunitia wazimu. Kule waliikusudia iwe kipimo cha kumtambua mtu aliye taabani. Huku kwetu tunampa mtu huyohuyo sentensi ileile kama nasaha.

Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2017, uliokusanya tafiti nyingi za wagonjwa wa aina mbalimbali, kuanzia wenye wasiwasi uliopita kiasi na huzuni nzito hadi wanaorudiarudia vitendo na wenye skizofrenia, maradhi mazito ya akili, ulikuta dhana hizi za kuyaona mawazo kuwa ni hatari na hayazuiliki zikiwa na nguvu zaidi kwa wagonjwa kuliko kwa watu wazima wa afya. Hapo pana swali la haki: je, dhana ndiyo iliyoleta maradhi, au aliyeteswa na mawazo kwa miaka ndiye anayeishia kuamini kwamba hayana mzuiaji? Kwa maoni yangu yote mawili hutokea, na moja humlisha mwenzake. Ndiyo maana inafaa kuanza na lile tunaloweza kulibadilisha kwa maneno.

Na ile sehemu ya kwanza ya onyo, hiyo "usiwaze"? Mwaka 1987 Daniel Wegner na wenzake huko Marekani waliwaambia wanafunzi wasimfikirie dubu mweupe, na wakimfikiria wagonge kengele. Waligonga. Baadaye waliporuhusiwa kumfikiria, walimfikiria kwa wingi kuliko wale walioruhusiwa tangu mwanzo. Mtu anayepambana na wazo ni lazima alichunguze kila mara aone kama limeondoka, na kulichunguza ndiko kuliita.

Ukitaka kuyaona haya kwa macho, kaa karibu na mifereji ya msikiti Mji wa Kale wakati wa magharibi. Kijana wa miaka kumi na saba hivi, kanzu ameikunja na kuifunga kiunoni, ameosha mkono wa kulia hadi kiwikoni mara tatu kama alivyofunzwa madrasa. Anautazama. Anauosha tena, safari hii akisugua kwa ukucha pale kwenye mkunjo wa kiwiko ambapo pengine maji hayakufika. Anafika miguuni, anasita, anarudi usoni. Ndani imamu amekwisha kumaliza Fatiha na "Amin" ya waumini inasikika, naye bado ameinama, maji yanakwenda. Mzee anayepita anamkemea kwa kumaliza maji. Anafunga mfereji kwa haya, anaingia safuni, ananyanyua mikono atie nia, anaishusha, anainyanyua tena, anaishusha. Watu wanarukuu.

Wapo wanaomsifu kijana huyu kwa uchaji, na wapo wanaomcheka. Wote hawamsaidii. Kinachomrudisha mferejini si uchafu, kwa kuwa mkono wake ni safi tangu mara ya kwanza. Ni kwamba haiamini kumbukumbu yake ya kuosha. Anadhani akirudia mara moja zaidi atapata utulivu wa moyo, na hapa ndipo anaponaswa. Watafiti wa Uholanzi, Marcel van den Hout na Merel Kindt, walionyesha mwaka 2003 jinsi anavyonaswa. Waliwapa wanafunzi wenye afya zao jiko la gesi la kwenye kompyuta, wengine wakawa wanawasha, wanazima na kulikagua tena na tena. Mwishowe kumbukumbu yao haikuwa na makosa zaidi ya wenzao. Kilichopungua ni wao kuiamini: picha ya tendo ilikuwa imefifia kichwani. Yaani kukagua, ambako mtu hukufanya ili apate uhakika, ndiko kunakouondoa uhakika.

Sasa jambo linalonigusa ni kwamba mafunzo ya kumtoa kijana huyu tunayo, tena msikitini humohumo. Fiqhi ya Kishafi ambayo Lamu imeshikamana nayo vizazi na vizazi ina kanuni isemayo kuwa yakini haiondolewi na shaka. Mtume (S.A.W.) aliulizwa juu ya mtu anayedhani ndani ya sala kuwa udhu umemtoka, akasema asitoke mpaka asikie sauti au apate harufu. Katika hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, Mwenyezi Mungu ameusamehe umma huu yale ambayo nafsi zinawanong'oneza maadamu hawajayatenda wala kuyatamka. Na Muslim amepokea kuwa masahaba walimlalamikia Mtume kuwa wanapata nafsini mwao mambo mazito ambayo hawathubutu kuyasema; akawajibu kuwa hiyo ndiyo imani iliyo wazi. Tazama alichofanya. Hakuwakanya wasiwaze. Aliwabadilishia maana ya kuwazia: kule kutishika kwenu na wazo ni dalili ya imani mliyo nayo, si ya ukafiri mnaouogopa. Na wanachuoni wakaendelea na njia hiyo. Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, alipoandika kuhusu afya ya nafsi aliutengea mlango mzima wasiwasi unaomrudia mtu bila kukoma, akautofautisha na hofu na huzuni.

Lakini kwa niliyoyaona, mtoto hufunzwa kuosha mara tatu akiwa na miaka saba, tena kwa kiboko pembeni, na kanuni ya shaka huja baadaye sana, kwa wale wachache watakaoendelea na darsa za vitabu. Wengi hubaki na nusu ya kwanza ya somo. Sioni sababu ya nusu hizi mbili kutokuwa katika kikao kimoja: unaosha hivi, na ukishamaliza, shaka itakayokuja haina hukumu.

Kuna dhana nyingine ngumu zaidi kuigusa, kwa kuwa ina sura ya wema. Ni ile ya kuwa wasiwasi unalinda.

Mama wa Kizingitini, kisiwani Pate, ambaye mwanawe ni mzamiaji wa kambamawe hulala vipi msimu wa kusi, bahari imechafuka na boti haijarudi? Halali. Anakaa ukingoni mwa kitanda, simu mkononi, tasbihi mkono wa pili, akili inamwonyesha boti imepinduka, inamwonyesha injini imezima, inamwonyesha watu wanakuja hodi alfajiri. Mwambie ajinyooshe kidogo. Atakujibu: "Nikalale usingizi na mwanangu yuko majini? Mimi nitakuwa mama gani?" Asubuhi mtoto anarudi, na moyo wake unaweka kumbukumbu kwamba alikesha, akarudi. Siku aliyopitiwa na usingizi boti ikachelewa, moyo unaweka kumbukumbu hiyo pia. Hakuna usiku utakaoweza kumwonyesha kuwa kukesha kwake hakukuisukuma boti hata shubiri moja, kwa kuwa hajawahi kuthubutu kujaribu. Dodoso la Wells lina sentensi za namna hii pia, za mtu anayeona wasiwasi humsaidia kuepuka matatizo yajayo.

Mama huyuhuyu, mchana, akiwa kliniki anapimwa presha, humwambia muuguzi: "Mawazo haya yataniua." Naomba msomaji asimame hapa kidogo, maana hapa ndipo palipo na mateso yenyewe. Anaamini kuwa asipokuwa na wasiwasi mwanawe atapotea, na anaamini kuwa akiwa nao atakufa yeye. Hawezi kuacha na hawezi kuendelea. Wells alieleza mwaka 1995 kuwa wasiwasi wa kawaida hugeuka maradhi hapa hasa, pale mtu anapoanza kuwa na wasiwasi juu ya wasiwasi wake. Na sisi majirani, kwa midomo miwili, tunamtilia kuni pande zote: leo tunamsifu kuwa ni mama mwenye uchungu na mwanawe, kesho tunamwonya asijiue kwa mawazo.

Simwambii mama asimjali mwanawe. Namtenganishia mambo mawili yaliyoshikana. Kuuliza kabla ya safari kama mafuta yanatosha, kama maboya ya kujiokolea yamo botini, kama watu wa BMU, kamati ya wavuvi inayosimamia ufuo, wanajua boti imeelekea wapi na itarudi lini, huko ni kumjali, na kuna faida. Kuna mwisho pia: ukishauliza, umeuliza. Dua ina mwisho wake vilevile, mtu huomba akasema amin. Yale yanayofuata baada ya hapo, saa saba usiku mpaka alfajiri, hayamfikii kijana baharini. Yanamfikia mama peke yake.

Najua nitakachojibiwa na wavuvi. Watasema: wewe unatuambia taabu yetu ni dhana, na sisi taabu yetu ina jina. Wana haki. Baada ya mashambulizi ya Mpeketoni, mji wa Lamu bara, mwaka 2014 palikuwa na amri ya kutotoka nje usiku, na wavuvi wakazuiwa kuvua usiku. Ukaja uchimbaji wa bahari kwa ajili ya bandari mpya, ambayo gati lake la kwanza lilifunguliwa Mei 2021, na sehemu walizozoea kuvua zikavurugwa. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliamua wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76, na baada ya hukumu hiyo miaka ilipita mingi ya kesi na mazungumzo. Mwenye nyumba hangoji mahakama, wala ada ya shule. Hakuna namna ya kufikiri itakayomrudishia mtu mahali pake pa kuvulia, na mtu yeyote atakayetumia saikolojia kumnyamazisha mvuvi anayedai haki yake atakuwa anaitumia kwa dhuluma.

Ila deni la kweli nalo linaweza kufikiriwa kwa njia mbili. Ipo ya kukaa na kalamu ukaandika unadaiwa na nani, kiasi gani, nani anaweza kusubiri, kesho utamwendea yupi. Ipo ya kulizungusha kichwani usiku kucha ukitafuta kwa nini mimi, kwa nini sisi, mpaka adhana ya alfajiri, na asubuhi hujapata hata hatua moja. Njia ya pili humchosha mtu akashindwa na ya kwanza. Mjini Harare, Zimbabwe, tangu mwaka 2006, daktari wa akili Dixon Chibanda amekuwa na mpango wa kuwafunza kina bibi wa mitaani wakae kwenye mabenchi nje ya zahanati wawasikilize watu wanaolalamika kuwa wanafikiri kupita kiasi. Kina bibi wale hawawaambii watu wasifikiri. Humwomba mtu ataje shida zake zote, achague moja, wapange pamoja hatua ya kuanza nayo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kuwa baada ya miezi sita watu hao walikuwa na nafuu kubwa kuliko waliopata huduma ya kawaida. Lamu ina baraza nje ya kila nyumba kubwa, na ina kina bibi wanaojua kusikiliza. Kilichobaki ni kuwafunza watu wachache na kuwapa msimamizi wa kitabibu.

Na yale mawazo yasiyo na hatua ya kuchukua? Kwa hayo, tiba aliyoibuni Wells, yule wa dodoso, haijadiliani na mgonjwa kama wazo ni la kweli au la uongo. Inamfundisha kuliona na kuliacha. Umekaa barazani, uchochoro ni mwembamba, kila anayepita lazima apite mbele ya magoti yako. Anatoa salamu, unaitikia, anakwenda. Humshiki kanzu umuulize anatoka wapi na amekusudia nini, wala husimami kumzibia njia. Mgonjwa hufundishwa pia kuahirisha: wazo likija saa nne asubuhi, alikubali kuwa limekuja, aliambie litasubiri mpaka saa kumi na moja jioni, na ikifika saa hiyo ana robo saa ya kulifikiria akitaka. Wengi hukuta jioni hawana hamu nalo. Faida ya zoezi hili ni kubwa kuliko ile robo saa, maana mtu aliyeweza kuliahirisha wazo lake tangu asubuhi hadi jioni hawezi tena kuamini kwa moyo wote kwamba halizuiliki. Ameshajionea mwenyewe.

Nimebakisha jambo linalonitia uchungu kuliko yote. Ni mzazi, mama aliyejifungua siku ishirini zilizopita, yuko ghorofani na mtoto, nyumba ina ngazi za mawe zilizosimama wima. Anambeba mtoto kumteremsha, na ghafla akilini linapita: mtupe. Mikono inamtetemeka. Anarudi ndani, anamweka mtoto kitandani, na tangu siku hiyo hataki kumbeba karibu na ngazi, hataki kubaki naye peke yake, kisu cha jikoni amekificha. Hamwambii mume wala mama mkwe. Akilini mwake hukumu imeshatoka: mama mwenye wazo kama hili ni muuaji. Siku akijikaza akasema, kuna hatari aambiwe ana shetani, na mtoto aondolewe mikononi mwake.

Utafiti uliofanywa Kanada na kuchapishwa mwaka 2008 ulikuta karibu nusu ya kina mama waliojifungua karibuni waliwahi kujiwa na mawazo ya kumdhuru mtoto kwa makusudi. Mwaka 2014 ulichapishwa mwingine wa wanafunzi 777 katika nchi 13, Sierra Leone ikiwemo, na asilimia 93.6 walisema katika miezi mitatu iliyopita walijiwa na angalau wazo moja baya wasilolitaka. Mama anayetishika na wazo hilo, anayefanya kila njia asilitimize, hajakaribia kuwa muuaji. Anampenda mtoto, na ndiyo sababu wazo limemtia hofu kiasi hicho.

Wengine haifai hata kidogo kuwaambia waache wazo lipite. Mzazi anayesikia sauti zikimwamrisha, halali siku kadhaa, anasema mtoto si wake au kuna ujumbe amepewa juu yake, wala haoni ubaya wa anayoyasema, huyo apelekwe hospitali siku hiyohiyo, na asiachwe peke yake na mtoto. Vivyo hivyo anayewaza kujiua. Huyo asikilizwe bila kulaumiwa, asiachwe peke yake, afikishwe kwa daktari. Woga wa sheria ulifunga midomo ya wengi kwa miaka mingi, kwa kuwa kujaribu kujiua kulikuwa kosa la jinai. Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya iliamua kuwa kifungu hicho, cha 226 cha sheria ya adhabu, kinakiuka Katiba. Nyumba nyingi bado hazijasikia habari hiyo.

Mzazi akirudi kliniki wiki ya sita, muuguzi humpima mtoto uzito, hutazama kitabu cha chanjo, huuliza kama ananyonya vizuri. Naomba aongeze dakika tano. Mume au mama mkwe asubiri nje, mlango ufungwe, aanze yeye muuguzi kusema: "Mwanangu, wazazi wengi hujiwa na mawazo ya kutisha juu ya mtoto, na hawawi watu wabaya kwa hilo. Wewe yamekujia?" Kisha anyamaze, ampe nafasi ya kujibu.